Jinsi ya kupima safu ya chembe nano za dhahabu kabla hujasema plasmoni imeongeza mng'ao

Ukiweka rangi ya fluoresensi (inayofyonza mwanga wa leza na kutoa mwanga wake yenyewe) juu ya safu ya chembe nano za dhahabu halafu ukaona kwenye kamera kile kiboksi cha safu kinawaka kuliko glasi ya pembeni, bado hujathibitisha kitu. Inawezekana plasmoni (mtikisiko wa pamoja wa elektroni za dhahabu unaoamshwa na mwanga na kukuza uwanja wa mwanga pembeni ya chembe) imefanya kazi yake, sawa, ila inawezekana pia rangi imejirundika kwenye dhahabu kuliko kwenye glasi, au dhahabu yenyewe inatoa mwanga wake, au safu inaugeuza mwanga uelekee kwenye lenzi yako badala ya kupotelea kando. Zote nne zinakupa picha ileile. Kwa hiyo kazi ya kupima safu ni kuzitenganisha hizo sababu moja moja, na mpangilio wa vipimo ndo unaokuokoa maana kuna vipimo ukivitanguliza umeshaharibu sampuli kwa vinavyofuata.

Nachukulia safu yako iko hivi: glasi, juu yake visahani vya dhahabu vyenye upana wa nanomita (nm) 100 hadi 150 na kimo cha nm 40 au 50, vimepangwa kwa mraba, kutoka kitovu hadi kitovu ni nm 300 hadi 500, kiboksi kimoja ni mikromita 100 kwa 100. Imechorwa kwa boriti ya elektroni au kwa njia nyingine, haina shida. Ila muulize aliyeitengeneza, kati ya glasi na dhahabu kaweka nini ili dhahabu ishike? Kromiamu au titaniamu hata ya nm 2 tu inaipunguza nguvu plasmoni na kilele kinakuwa kipana, halafu unakuja kulinganisha na simulesheni ambayo haina hilo tabaka unabaki unashangaa mbona haviendani.

Na kama safu bado haijatengenezwa, una bahati, omba vitu viwili. Cha kwanza, kwenye glasi hiyohiyo moja kuwe na viboksi vingi vya upana tofauti wa visahani, tuseme 80, 100, 120, 140, 160, ili vingine vikae kwenye resonansi ya rangi yako (plasmoni iamke kwa urefu wa wimbi uleule wa rangi) na vingine viwe nje kabisa. Cha pili, kati ya viboksi kuwe na nafasi tupu ya kutosha ya kupimia rejea. Safu iliyo nje ya resonansi ni kontroli (sampuli ya kulinganishia) nzuri kuliko glasi tupu kwa sababu ina dhahabu, ina kingo na inashika rangi kama nyingine, tofauti ni plasmoni tu haiko mahali pake.

Ekstinksheni kwanza, dhahabu ikiwa tupu

Ekstinksheni ni mwanga ambao safu inaufyonza au kuutawanya usipite. Unapanga hivi: taa nyeupe ya halojeni, kondensa (lenzi inayoelekeza mwanga wa taa kwenye sampuli), sampuli, lenzi, tundu dogo kwenye bapa ya picha ili mwanga wa kiboksi tu ndo upite, kisha faiba mpaka kwenye spektromita. Acha taa ipate joto kama nusu saa. Chukua spektra tatu kwa muda uleule wa kukusanya: ya safu (S), ya glasi tupu ya jirani (R), na ya giza taa ikiwa imezibwa (G). Ekstinksheni ni −log10 ya (S − G) gawa kwa (R − G). Safu ikipitisha asilimia 60 ya mwanga unapata 0.22, na hicho ni kilele kizuri tu kwa safu ya aina hii, usitegemee namba kubwa kama za kimiminika kwenye kuveti.

Sasa hapa kwenye kondensa ndo watu wengi wanapoteza data bila kujua. Safu yenye mpangilio wa kurudiarudia inajali sana pembe ya mwanga unaoingia. Ukingo wa mtawanyiko (urefu wa wimbi ambapo mwanga uliotawanywa unateleza sambamba na safu) wa safu ya nm 400 kutoka kitovu hadi kitovu unahama kama 400 × sin ya pembe, kwenda pande zote mbili, kwa hiyo mwanga unaoingia kwa digrii 5 tu unauhamisha kwa nm 35 kushoto na nm 35 kulia. Ukiacha kondensa wazi unachanganya pembe zote hizo kwenye spektra moja na kile kilele chembamba cha safu kinayeyuka chote, unabaki na mlima mpana unadhani chembe zako zimetoka vibaya. Funga iris ya kondensa mpaka mwisho, vumilia mwanga mdogo, ongeza muda wa kukusanya. Kama maabara ina njia ya kuingiza mwanga ulionyooshwa sambamba basi tumia hiyo.

Weka polaraiza (filta inayopitisha mwanga unaotikisika upande mmoja tu) upime kwa digrii 0 na 90. Visahani vya duara kwenye safu ya mraba lazima vitoe spektra mbili zinazolingana. Zikitofautiana, visahani vyako ni vya mviringo wa yai, mara nyingi ni boriti ya elektroni haikurekebishwa vizuri siku ya kuchora, na utahitaji kuripoti polaraizesheni kwenye kila kipimo kuanzia hapo.

Unatarajia kuona nini? Chembe duara ndogo za dhahabu kwenye maji kilele chake kiko karibu na nm 520, ila visahani vya upana huu juu ya glasi vinaenda kwenye 600 hadi 800 kutegemea upana na kimo. Ule mwinuko unaouona chini ya nm 500 au 520 usiuite plasmoni, hiyo ni dhahabu inafyonza mwanga kwa kurusha elektroni kutoka bendi moja kwenda nyingine, na ndo maana dhahabu haifai kwa rangi za bluu na kijani, hata ufanyeje mwanga mwingi unaishia kuwa joto.

Kabla ya kuendelea badilisha mazingira. Pima kwenye hewa (fahirisi ya mpindo wa mwanga 1.00), kwenye maji (1.33), kwenye mafuta ya lenzi (1.515). Kilele cha plasmoni lazima kihame kwenda kwenye nyekundu fahirisi inavyopanda, na chora grafu ya mahali kilele kilipo dhidi ya fahirisi. Kisipohama kabisa jua unachokiangalia siyo plasmoni, pengine ni taa yako au filta. Na kuna faida nyingine: resonansi ya safu nzima, ile ambapo chembe zinasikilizana kupitia mwanga uliotawanyika, inatokea karibu na urefu wa wimbi unaolingana na fahirisi mara umbali wa kitovu hadi kitovu. Safu ya nm 400 kwenye mafuta ni 606, kwenye maji 532, na kilele chenyewe kinakaa kwenye upande mwekundu wa namba hiyo. Ili kionekane vizuri na chembamba juu na chini ya chembe kuwe na fahirisi inayokaribiana, ndo maana glasi chini na mafuta juu inapendeza, glasi chini na hewa juu haipendezi. Na kama huna resonansi ya safu kabisa siyo kosa, safu nyingi zinafanya kazi kwa plasmoni ya chembe moja moja tu, ila lazima ujue uko na ipi.

Rangi gani

Tuseme unatumia Alexa Fluor 647, inafyonza karibu na 650 na kutoa karibu na 668. Kilele cha ekstinksheni usikiweke kulia kwa leza kwa kubahatisha. Uwanja wa karibu na chembe, ambao ndo rangi inauona, una kilele chake upande mwekundu kidogo wa kilele unachokipima kwa mbali, kwa hiyo leza ikikaa kulia kidogo ya kilele cha ekstinksheni unapata msukumo (kuchangamshwa kwa rangi na leza) mzuri zaidi kuliko ukiviweka sambamba kabisa. Ukitaka kusaidia utoaji, kilele kifikie utoaji wa rangi. Vyote viwili kwa pamoja huwa ni mapatano.

Jambo ambalo halisemwi vya kutosha ni ufanisi wa kwantamu wa rangi, yaani sehemu ya fotoni ilizofyonza ambayo inaitoa tena kama mwanga. Rangi yenye ufanisi wa 0.9 haiwezi kuongezewa zaidi ya mara 1.1 kwenye upande wa ufanisi, imeshajaa, faida yote itoke kwenye msukumo wa leza. Rangi yenye 0.02 ina nafasi ya kupanda mpaka mara 50. Ndo maana ukisikia namba kubwa kama ile ya mwaka 2009 ya antena za dhahabu za umbo la tai ya kipepeo, mara 1340 kwa molekuli moja, ujue rangi iliyotumika ilikuwa na ufanisi mdogo tangu mwanzo. Kwa hiyo ripoti ya ongezeko bila jina la rangi na ufanisi wake kwenye mazingira yale haina maana, samahani lakini ndo hivo.

Speisa

Speisa ni tabaka jembamba linalotenganisha rangi na dhahabu. Molekuli ikigusa dhahabu inazimwa, nishati inaingia kwenye chuma inakuwa joto. Ikienda mbali sana haiuoni uwanja. Mwaka 2006 wapimaji waliisogeza chembe moja ya dhahabu ya nm 80 taratibu kuelekea molekuli moja wakaona mng'ao unapanda, unafika kilele, kisha unaporomoka inapokaribia kugusa. Eneo zuri kwa kawaida liko kwenye nm 5 hadi 15, chini ya 5 kuzimwa kunashinda.

Speisa rahisi kuidhibiti ni oksidi ya alumini au silika inayowekwa tabaka la atomu kwa atomu, maana inafunika na kuta za pembeni za kisahani pia na unene unahesabika kwa mizunguko. Polima zenye chaji zinazopishana chanya na hasi nazo ni nzuri na hazihitaji mashine ya gharama. Vyovyote iwavyo, unene pima kwa elipsomita kwenye kipande cha silikoni kilichoingia pamoja na sampuli kwenye mzunguko uleule, usiamini namba ya resipe. Na fanya unene kadhaa, hata vitatu tu, 5, 10 na 20. Mng'ao ukipanda kisha ukashuka kadiri unene unavyoongezeka una ushahidi wa nguvu kwamba ni kitu cha uwanja wa karibu, rangi iliyojirundika haiwezi kukuchorea mkunjo wa namna hiyo.

Baada ya speisa rudia ekstinksheni. Kilele kimehamia nyekundu, na hicho kipya ndo unachopaswa kukilinganisha na rangi, siyo kile cha dhahabu tupu.

Mwanga wa dhahabu yenyewe

Dhahabu inang'aa. Kidogo sana, ila inang'aa, jambo linalojulikana tangu 1969, na chembe zenye plasmoni zinang'aa zaidi kuliko filamu laini na spektra yake inafuata umbo la plasmoni yako, yaani inafanana kabisa na kile ulichokuwa unakitafuta. Kwa hiyo kabla ya tone la rangi kugusa sampuli, pima kila kiboksi kwa leza ileile, filta zilezile, nguvu ileile na muda uleule utakaotumia baadaye. Hiyo picha ndo utakayoitoa. Ukisahau hatua hii huwezi kuirudia vizuri, kuosha rangi yote kutoka kwenye safu ni ndoto.

Kupima mng'ao wenyewe

Weka rangi kwa namna itakayofanya wingi wake uwe sawa kila mahali. Rangi iliyochanganywa kwenye polima na kuzungushwa kuwa filamu nyembamba, tuseme nm 20 au 30, ni rahisi na ya haki kuliko kudondosha tone likauke maana tone likikauka linaacha pete. Ukihitaji rangi iliyoshikwa kwa kemia juu ya speisa ni sawa pia, ila speisa iwe imefunika dhahabu na glasi vyote, ili rangi ione uso wa aina moja. Hapo oksidi ya kufunika kote inakulipa mara ya pili.

Kabla ya data yoyote ya maana fanya kipimo cha nguvu ya leza. Pandisha nguvu kwa hatua, kwenye safu na kwenye glasi, mng'ao lazima upande kwa mstari ulionyooka kote kuwili. Kwenye safu rangi inapata msukumo mkubwa kwa hiyo inashiba mapema, na ukipima kwenye eneo la kushiba ongezeko lako litaonekana dogo kuliko lilivyo. Na angalia rangi kuchuja (kufifia kwa kuharibiwa na mwanga): chukua mfululizo wa fremu, siyo picha moja, uone mng'ao unashuka kwa kasi gani. Hesabu kwa fremu ya kwanza au rudisha mkunjo nyuma mpaka sekunde sifuri. Rangi kwenye safu inaweza kuchuja haraka kuliko kwenye glasi (msukumo mkubwa) au polepole (haikai muda mrefu ikiwa imechangamshwa), kwa hiyo picha ya sekunde 10 inakudanganya upande wowote.

Ongezeko la wastani ni (mng'ao wa safu − mwanga wa safu bila rangi) gawa kwa (mng'ao wa glasi − mwanga wa glasi bila rangi). Basi, hiyo ndo namba ya kwanza na ndo ya uaminifu kuliko zote.

Namba ya pili, ile ya sehemu zenye joto (yaani zenye uwanja mkali, siyo joto la moto), inahitaji tahadhari. Chukua kisahani cha nm 120 kwenye safu ya nm 400. Eneo la seli moja ni nm za mraba 160,000, kisahani kinachukua 11,310, yaani asilimia 7. Tukisema uwanja wenye nguvu uko kwenye pete ya nm 20 kuzunguka kisahani, pete hiyo ina 8,796, asilimia 5.5. Umepima ongezeko la wastani la mara 3, ukichukulia rangi iliyo juu ya kisahani haitoi kitu na ile iliyo mbali haijabadilika, basi pete peke yake inatoa kama mara 39. Inapendeza kuandika 39, nakubali, ila angalia: ukisema pete ni nm 10 badala ya 20 namba inaruka zaidi ya mara mbili, na hakuna aliyepima upana wa pete, umeukadiria. Kwa hiyo ukiandika namba ya sehemu zenye joto andika na eneo ulilotumia, na namba ya wastani iwe pembeni yake, isifichwe.

Kama chembe zako ni za fimbo badala ya visahani una kontroli ya bure kabisa: zungusha polaraizesheni ya leza. Rangi ni ileile, wingi uleule, mahali palepale, kilichobadilika ni kama plasmoni imeamshwa au la. Ukiona mng'ao unapanda na kushuka kufuata kosini ya mraba ya pembe, hakuna wa kukuambia ni rangi iliyojirundika.

Laiftaimu

Laiftaimu ni muda ambao molekuli inakaa imechangamshwa kabla ya kushuka, na ndo kipimo kisichojali rangi iko nyingi au kidogo. Unahitaji leza ya mapigo na kihesabu cha fotoni moja moja. Kasi ya kuhesabu iwe chini, leza ya MHz 40 usizidishe fotoni laki nne kwa sekunde, yaani asilimia 1 ya mapigo, la sivyo fotoni za mapema zinawazibia za nyuma na laiftaimu inaonekana fupi kuliko ukweli. Pima pia mwitikio wa mashine yenyewe kwa mwanga uliotawanyika, kwa sababu kwenye safu utapata vipande vya chini ya nanosekunde 1 na mashine nyingi hapo ndo zinafika mwisho wa uwezo. Kile kipande cha haraka sana kinachofanana na mwitikio wa mashine mara nyingi ni mwanga wa dhahabu, usikiingize kwenye wastani.

Kusoma matokeo soma pamoja na mng'ao. Mng'ao umepanda na laiftaimu imefupika, njia ya kutoa fotoni imeharakishwa, hapo plasmoni inahusika, na pengine msukumo pia. Mng'ao umepanda na laiftaimu haijagusika, ni msukumo wa leza peke yake au ni rangi nyingi, rudi kwenye kontroli ya polaraizesheni au ya safu iliyo nje ya resonansi ujue ni ipi. Mng'ao umeshuka na laiftaimu imefupika, unazimwa, ongeza speisa. Laiftaimu fupi peke yake bila mng'ao haikuambii chochote maana kuzimwa nako kunafupisha. Na usitegemee eksponenti moja itoshe, rangi zilizo mbali na zilizo karibu zote zinaingia kwenye data, weka mbili au tatu na uripoti na uzito wa kila moja.

Pembe

Safu inaweza kutoa mwanga kwa mwelekeo maalumu. Lenzi ya NA (kipimo cha upana wa pembe ambayo lenzi inakusanya mwanga) 0.3 ikikupa ongezeko la mara 8 na lenzi ya NA 1.4 ikakupa mara 3 kwa sampuli ileile, tofauti hiyo ni mwelekeo wa mwanga, fotoni hazijaongezeka kiasi hicho. Pima kwa lenzi mbili angalau. Ukiweza weka lenzi ya ziada ya kuona bapa ya nyuma ya lenzi, utaona duara lenye mistari mikali pale safu inapoelekeza mwanga, na kwenye glasi utaona duara lisilo na mistari hiyo.

SEM mwisho kabisa

SEM ni hadubini ya elektroni. Boriti yake inapaka kaboni juu ya chembe, inaua rangi, na kwenye glasi inajaza chaji picha inatetemeka. Kwa hiyo SEM ifanye mwisho, au kwenye kiboksi cha dada kilichochorwa kwa dozi ileile ambacho hutakipima mwanga. Kwa chaji paka polima inayopitisha umeme inayoosheka kwa maji, au tumia SEM ya vakyumu hafifu, ile inayoachwa na gesi kidogo ndani. Pima upana wa visahani mia moja hivi, toa wastani na mtawanyiko, angalia vilivyokosekana na vilivyoungana. Kimo chukua kwa AFM (hadubini inayopapasa uso kwa ncha), upana usichukue kwa AFM kwa sababu ncha inaupanua.

Ukishapata upana na kimo halisi ndo urudi kwenye simulesheni, fahirisi ya dhahabu tumia data ya Johnson na Christy ya 1972 au nyingine inayolingana na filamu yako, weka tabaka la kushikisha, weka speisa, weka kona za visahani zilizolainika kidogo kama picha inavyoonyesha. Ekstinksheni ya simulesheni ikikaa ndani ya nm 10 au 20 ya kipimo endelea na ramani za uwanja. Ikiwa mbali zaidi ya hapo usianze kuvuta vuta fahirisi mpaka ziendane, rudi kwenye picha za SEM na unene wa speisa kwanza, kwa kawaida tatizo liko huko.